Sikio Halijui Utani

"Nitakuchapa humo humo kwenye sanduku, Kapela! Nitakuzika chali na mdomo wazi, mainzi wakuone ulivyo!"

Nyamizi aliisimamisha sauti, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Hakuwa na haja ya kuirudia. Sauti ile aliijua tangu akibebwa mgongoni: Bi Siwatu Pazi, Mzaramo wa ghorofa ya tatu, miaka sabini na kitu, magoti mabovu, mdomo mzima. Na Kapela aliyekuwa akiahidiwa viboko alikuwa babu yake Nyamizi, aliyefariki jana saa nne asubuhi kitandani kwake, kikombe cha chai mkononi.

Kwenye kioo mbele yake Sikio lilikuwa limeshaandika hukumu kwa herufi nyekundu: TISHIO LA KUDHURU MWILI. DARAJA LA NNE. JOTO, NYUZI TISA.

Tishio la kudhuru mwili wa maiti! Nyamizi alitaka kucheka, akataka na kulia, lakini ofisi za Idara ya Utulivu hazikujengwa kwa lolote kati ya hayo mawili. 

Kazi yake ilikuwa kulifundisha Sikio. Kila nguzo ya taa katika Kata ya Saba ilikuwa imefungwa dude moja jeupe, ukubwa wa kisosi cha chai, lisilolala. Lilichukua sauti za watu, likapima zimepanda kiasi gani, zinakwenda mbio kiasi gani, wasemaji wamesogeleana vipi, kisha likatazama na maneno yenyewe. Vyote hivyo likavijumlisha kuwa joto. Joto la kata nzima liliandikwa kwenye ubao juu ya geti, kila mpita njia alione. Likifika nyuzi arobaini, geti lilijifunga kwa siku tatu. Hatoki mtu, haingii mtu. Na pale Sikio lilipopata shaka, lilimpelekea Nyamizi ile sauti, naye akaipa jina. Huu ni ugomvi. Huu ni wimbo. Hii ni sala. Huyu ni mtoto ameanguka kwenye ngazi.

Alikuwa na miaka minne kwenye kiti kile. Alikikalia akiwa na miaka ishirini, akiamini kwamba mmoja wao akiwa ndani, lile dude litajifunza adabu. Ni imani ya kijana, tusimcheke. Wenzake wote wa rika lake walikuwa na imani kama hiyo, kila mmoja kwa namna yake.

Maana mji ule wa Halvik ulikuwa na kata saba, na sita kati yake zilikuwa na taa tu kwenye nguzo za taa. Masikio yalikuwa Kata ya Saba peke yake. Kata ya Saba ndiko walikoishi watu weusi wa mji, wawe wametoka Tabora, wawe wametoka Kinshasa au visiwa vya mbali vya Atlantiki, na wao wenyewe walikuita Ng'ambo. Wazazi wao walijifunza kusema chini chini. Wakalea watoto kwa kunong'ona, harusi zao zikawa na ukimya wa hospitali. Ni watoto hao ndio waliokuja kukataa. Vijana wa Ng'ambo walikaa miaka mitatu wakiandika barua, wakikusanya sahihi, wakisimama mbele ya kamati moja baada ya nyingine, mpaka mji ukakubali sharti moja: siku tisini mfululizo bila joto kupita arobaini, na Masikio yote yanang'olewa.

Leo ilikuwa siku ya themanini na sita.

Bi Vask, mkuu wa kitengo, aliingia na vikombe viwili vya kahawa, akamwekea Nyamizi kimoja. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

"Pole sana kwa msiba," alisema. "Ungebaki nyumbani."

"Nimekuja kwa ajili ya hii tu." Nyamizi alionyesha kioo. "Sikio limekosea. Huu ni utani."

"Nimetafuta neno hilo kwenye orodha ya majina. Halimo."

"Huyu bibi ni mtani wa babu yangu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka zamani za misafara, huko tulikotoka. Mmoja akifa, mwenzake anakuja kumtukana. Anavaa nguo zake, anaigiza kikohozi chake, anazuia jeneza lisitoke. Ndiyo kazi yake. Asipofanya hivyo, anakuwa amemdharau marehemu."

Bi Vask alisikiliza mpaka mwisho, kalamu kidevuni. "Na mtu asiye Mzaramo akiyasema maneno yale yale?"

"Hapo ni ugomvi."

"Basi unaona tatizo. Sauti ni ile ile, maneno ni yale yale. Huwezi kulifundisha Sikio tukio moja moja, linataka kanuni. Na kanuni yako inahitaji lijue nani ni nani." Akavuta kiti, akakaa karibu. "Tuandikie, Nyamizi. Watu wote elfu kumi na moja wa Kata ya Saba: huyu ni wa kabila gani, wa ukoo gani, ana haki ya kumtukana nani. Najua unaweza. Watu wenu wanasema babu yako aliijua kata nzima kichwani, na kwamba alikurithisha. Ukinipa kabla ya mazishi, naiingiza siku hiyo hiyo. Bibi apige kelele anavyotaka, na siku zenu tisini zinabaki salama."

 Ilikuwa kweli aliijua. Angekaa na mashine mchana mmoja, na jioni kazi imekwisha.

"Ni majina tu?"

"Majina, na kipimo cha damu cha kuthibitisha," alisema Bi Vask, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo. "Maabara italinganisha. Hatuwezi kumwandika mtu kuwa ni fulani kwa sababu tu mzee mmoja alisema hivyo."

* * *

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, na Nyamizi alitembea nao mpaka nyumbani.

Mzee Kapela Mihayo alikuwa dereva wa kreni bandarini, lakini kazi yake hasa ilikuwa kupokea watu. Familia mpya ikiingia Ng'ambo, alikwenda na mkate na sukari, akaketi, akauliza: kwenu wapi, ukoo gani, mama yako alizaliwa na nani. Kisha akawaambia watani wao ni akina nani na wanakaa jengo gani, na kabla ya wiki kwisha watu hao walikuwa wameshatukanwa vizuri, wamecheka, na wameacha kuwa wageni.

Walikuwepo wasioweza kujibu. Watu wa visiwani, ambao babu za babu zao waliibwa, wakapakiwa, wakauzwa, na majina yakapotelea majini. Mzee Kapela akiwauliza ukoo gani, walitazama sakafu. Mzee hakupenda mtu atazame sakafu. "Basi toka leo nyie ni Wazaramo," alikuwa akisema, "ili mimi nipate wa kumtukana." Au Wahehe, au Wazigua, kwa kadiri alivyoona jengo lina upungufu wa nani. Kwa mdomo wa mzee yule nusu ya Ng'ambo walikuwa na ukoo na watani, watu wa kuwachimbia kaburi na kuwapigia kelele siku ya kufa. Damu yao isingethibitisha hata mmoja.

Mmoja wa watu hao alikuwa Linvali, na ndiye aliyekuwa akimsubiri Nyamizi jikoni, nyuma ya nyumba ya msiba, akimenya viazi vya wageni. Linvali alikuwa kiongozi wa vijana. Barua ya kwanza aliiandika yeye. Yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuwafundisha watu kuhesabu siku, na mdogo wake Keziya ndiye aliyemtia wazimu huo. Keziya, akiwa na miaka kumi na saba, alimwambia rafiki yake "nitakuua" kwa kicheko kituoni, kwa sababu rafiki huyo alimficha kiatu. Sikio likampiga muhuri wa mtu wa hatari. Miaka miwili sasa alikuwa hajavuka geti. Walikuwepo wengine arobaini kama yeye, na Masikio yaking'olewa, mihuri yao ingefutwa yote.

Nyamizi alimweleza kila kitu bila kupunguza. Linvali aliendelea kumenya.

"Ukiwapa," alisema mwishowe, "mimi nitaandikwa nani?"

"Hutaandikwa."

"Na Keziya?"

"Hataandikwa. Mtakuwa watu wanaotukana bila kibali."

"Lakini siku zitabaki. Baada ya siku nne Masikio yatang'olewa, na orodha haitakuwa na kazi."

"Orodha haing'olewi, Linvali. Hiyo itabaki kwao. Leo wanatuona sote ni weusi wa Kata ya Saba, basi. Kesho watakuwa na karatasi inayosema huyu na yule si wamoja, na nani ni wa kweli, nani wa kuokotwa. Watakaa nayo. Siku wakitaka kutugombanisha, wataanzia wapi? Watakuwa nayo kwa mwandiko wangu."

Linvali alitupa kiazi ndani ya maji kwa nguvu, akatazama dirishani kwa mazoea, kule nguzo ilikokuwa, kisha akashusha sauti. Nyamizi alimwona akishusha, akachukia.

"Miaka mitatu," Linvali alinong'ona. "Mama yangu hakuwahi kuamini kitu maishani mwake, sasa kila asubuhi anakata tarehe ukutani. Watoto wadogo wanahesabu. Sisi ndio watu wa kwanza humu kutegemea jambo na kulikaribia. Nisaidie. Usiwape orodha, sawa. Lakini hizi siku nne tusizipoteze."

Ndipo Nyamizi alipolisema jambo ambalo angelijutia kabla jua halijazunguka. "Tumzike kimya. Watani wasitanie. Kesho tu."

Wakaenda pamoja kwa Bi Siwatu. Bibi alikuwa amekaa mkekani chini ya turubai, amevaa koti la kreni la marehemu, kofia yake ya kazi imemfunika mpaka nyusi. Alikuwa katikati ya kuigiza jinsi Mzee Kapela alivyokuwa akikohoa kila alipoona anafungwa bao.

"Shikamoo, bibi," Nyamizi alisema.

"Marahaba, mjane. Umekuja kunivua koti la mumeo?"

Watu wakacheka. Nyamizi akachuchumaa, akamwomba. Alieleza siku nne, alieleza Keziya na wale arobaini, alieleza nyuzi tisa za jana na kwamba ubao wa getini sasa unasoma ishirini na nane. Kadiri alivyoeleza ndivyo vicheko vilivyokwisha kimoja kimoja, mpaka mtu angeweza kusikia turubai likipigwa na upepo.

Bi Siwatu alivua kofia. Bila kofia alionekana mzee sana.

"Miaka hamsini tumetukanana na Kapela," alisema. "Sikumwambia neno zuri hata siku moja, wala yeye kwangu. Tulikuwa na mpango huo. Anayetangulia kufa, mwenzake amtoe kwa kelele mpaka mbinguni wafungue dirisha." Akamtazama Linvali. "Unataka nimtoe kama mtu asiye na watu?"

"Naomba, bibi," alisema Linvali, machozi yamemlenga. "Kwa ajili ya Keziya."

"Kwa ajili ya Keziya," bibi alirudia. "Haya. Nitanyamaza. Ila mjue mmeniomba kitu kikubwa."

* * *

Basi siku ya themanini na saba, saa nane mchana, Ng'ambo ilimtoa Mzee Kapela Mihayo kimya.

Makaburi ya mji yalikuwa nje ya geti, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Watu walikuwa wengi, barabara imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, elfu tatu au zaidi, na kilichosikika kilikuwa viatu. Vijana wa Linvali walitembea pembeni, kidole mdomoni, wakituliza hata watoto. Jeneza lilikuwa mabegani mwa watu sita. Nyuma yake walifuata watani na sururu na mabeleshi yao, maana kaburi la mtu huchimbwa na watani wake, hilo hata mji ulikuwa umeshalizoea. Juu ya geti ubao ulisoma ishirini na sita.

Nyamizi alikuwa mbele, kidude cha kazini sikioni, kwa sababu Bi Vask alikuwa ameomba awe hewani. "Vizuri sana," sauti ilimwambia sikioni. "Ishirini na tano. Mnafanya vizuri sana."

Neno hilo ndilo lililomfanya ageuke nyuma.

Alimwona Bi Siwatu. Alikuwa amevaa gauni jeusi la heshima, mikono imefumbatwa tumboni, anatembea kwa adabu ya mgeni mwalikwa, na machozi yalikuwa yakimchuruzika hadi shingoni. Mtani halii msibani. Mtani akilia, ni kwamba hana kingine alichoachiwa. Karibu naye watani wengine walikuwa vilevile, vichwa chini, wanaume wazima waliozaliwa na midomo ya moto, wakitazama lami. Wote walikuwa kama wale wageni waliokuwa wakitazama sakafu. Nyamizi akamkumbuka mzee aliyeishi maisha yake yote akiwainua watu macho yao, na akaona sasa anavyosindikizwa, na kwamba wazo lilikuwa lake yeye, mjukuu wake.

Akaona na jingine, na hili ndilo lililomtia hasira hasa. Kama leo wameweza kunyamaza hivi, basi Masikio hayana tena haja ya kubaki kwenye nguzo. Mji unaweza kuyang'oa siku ya tisini kwa furaha kabisa. Yatakuwa yameshahamia ndani ya watu. Wangeshinda kwa kuwa vile vile walivyotakiwa wawe toka mwanzo, na Keziya angevuka geti kwenda kunong'ona upande wa pili.

Jeneza lilikuwa limefika chini ya ubao, juu ya mstari wa reli ambamo geti lile la chuma huteleza.

Sasa, kwa desturi za kwao Nyamizi, mjukuu naye ni mtani wa babu yake. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, naye humwita mume wangu, na hugombana kama wanandoa tangu mtoto anapoanza kutambaa. Nyamizi alipiga moyo konde, akajaza kifua hewa, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima bila kupima sauti.

"Mume wangu!" alipiga ukelele. "Unaondoka hivi hivi, hata talaka hujanipa?"

Elfu tatu wakasimama. Ubao ukaruka: ishirini na tisa.

"Nyamizi," sauti ya Bi Vask ilisema sikioni. "Nyamizi, unafanya nini?"

"Miaka ishirini na nne nakupikia uji, mzee mvivu wewe! Nani atanioa mimi, mjane wa dereva wa kreni? Amka! Amka nikupige nikiwa nakuona!"

Thelathini na tatu. Linvali alikuwa akija mbio kati ya watu, uso umemsawijika, lakini kabla hajafika, Bi Siwatu alikuwa ameinua kichwa. Alijifuta machozi kwa kiganja kizima, mara moja, kama mtu anayefuta meza.

"Talaka akuandikie nani?" bibi alifoka, na sauti yake ikagonga ukuta wa geti ikarudi. "Huyu Mnyamwezi? Kalamu aliishikia wapi? Kazi yao kubeba mizigo toka dunia iumbwe, na leo hata kufa kwenyewe kabebwa! Wee Kapela! Umeona nakufunga bao ukaamua kufa! Mwoga wewe! Mshusheni! Mshusheni chini hapo hapo, haendi popote mpaka mimi niseme!"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha siku themanini na saba, kilianza kwa watani kikaenda nyuma mpaka mwisho wa barabara, na ndani yake kulikuwa na kilio, vigelegele, matusi ya makabila ishirini, Wahehe wakiwashambulia Wagogo, Wapare wakiwavamia Wachaga, na watu wa visiwani, wa damu isiyojulikana, wakitukana kwa haki kamili waliyopewa. Wabebaji walishusha jeneza juu ya reli, na Bi Siwatu akajitupa mbele yake akaketi kwenye lami, miguu ameinyoosha.

Ubao ukafika arobaini, ukapita. King'ora kikalia. Geti likaanza kuteleza.

Lilikuja taratibu, tani kadhaa za chuma, mpaka lilipobakiza hatua mbili lifike jeneza. Likahisi kuna kitu njiani, likasimama. Likarudi nyuma kidogo, likajaribu tena, likasimama tena. Askari wawili wa upande wa nje walitazamana. Hakuna aliyewahi kuwaeleza la kufanya geti linaposhindwa kujifunga.

Linvali alikuwa amefika. Alisimama mbele ya Nyamizi akihema.

"Siku tatu," alisema. "Zilibaki siku tatu."

"Najua."

"Keziya..."

"Najua, Linvali. Nimekosa jana, leo sitakosa tena. Nichukie, una haki. Lakini sitamtoa babu yangu kwa kunong'ona, na sitakwenda mbele ya kamati nyingine kuwaonyesha jinsi tunavyojua kunyamaza."

 Linvali alilitazama jeneza, akalitazama geti likijaribu kwa mara ya tatu, likigota pale pale. Uso wake ulibadilika polepole. Alikuwa kijana mwenye akili, na miaka mitatu ya barua ilikuwa haijammaliza.

"Jeneza wataliondoa," alisema. "Wataleta watu sita walinyanyue, na geti litafunga." Akamgeukia Bi Siwatu. "Bibi, kaburi la Mnyamwezi linachimbwa na nani?"

"Na sisi. Umesahau?"

"Na tunalichimba wapi?"

Bi Siwatu alimtazama, na tabasamu likaanza kumpanda upande mmoja wa mdomo. "Tunapotaka," alisema. "Mfiwa akiridhia."

Wote wakamgeukia Nyamizi. Alifikiria makaburi ya mji, yaliyopangwa kwa namba, mahali ambapo watu wa Ng'ambo walihitaji kibali kwenda kuwatembelea wafu wao. Akatazama ardhi ya pale, kati ya ndani na nje. "Mchimbeni kirefu," alisema. "Na msimtupe."

Linvali alinyang'anya sururu ya kwanza iliyokuwa karibu, akaipandisha juu na kuishusha kwenye lami, kando kando ya reli. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Vijana waliokuwa na vidole midomoni nusu saa iliyopita walivua makoti. Walipasua lami, wakang'oa kipande cha reli kwa mtaimbo, wakafika kwenye udongo mweusi wa mawe mawe ambao hakuna aliyekuwa ameuona toka kata ijengwe. Kutoka nyuma mtu alikuwa akisukuma apite, na watu wakampisha. Ni Keziya. Hakuwa amesogea karibu na geti kwa miaka miwili, na alipofika alisimama kidogo, akatazama nje, miti na barabara na tramu ikipita mbali. Kisha akashuka shimoni na beleshi, akaanza kutupa udongo, akimtukana Mzee Kapela kwa kuwa na miguu mirefu.

"Nyamizi." Bi Vask hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nisikilize. Bado naweza kuliokoa hili. Yule bibi anayefoka hapo, ndiye mtani uliyenitajia jana? Nipe jina na ukoo wa huyo mmoja tu. Nikiandika uhusiano wake, na wako, hesabu itashuka chini ya arobaini, nitasema mashine ilikosea. Siku zenu zitarudi. Ni wa ukoo gani?"

Nyamizi alimtazama Bi Siwatu. Bibi alikuwa amelivaa tena koti la kreni, sijui nani alimletea, na alikuwa akiwapa wachimbaji amri kwa sauti iliyokauka, akiigiza kikohozi cha marehemu, akilia waziwazi sasa na kutukana ndani ya kilio hicho hicho.

"Njoo msibani, Bi Vask," alisema. "Njoo kwa miguu yako, usimame hapa, usikilize kwa masikio ya kichwani mwako. Ukikaa mpaka tumzike utajua nani ni nani bila kuambiwa."

 "Siwezi kuja huko," Bi Vask alisema. "Kukishafika arobaini haingii mtu. Unajua sheria, geti..."

"Geti liko wazi," alisema Nyamizi.

Akakichomoa kile kidude sikioni, akavua viatu vya kazini, akashuka shimoni kumpokea Keziya beleshi. Bi Siwatu akamtukana palepale, kwamba anachimba kama mtu anayetafuta sindano.